Mpinzani wa Mzee Abdool

Papy alipopata kazi ya kuendesha lori la makontena kutoka bandarini kwenda Johannesburg, aliacha vitu viwili katika jengo la Rosemead, pale Sydenham mjini Durban: sofa lililovunjika mguu mmoja, na uenyekiti wa kamati ya wapangaji. Sofa lilipata mtu siku hiyohiyo. Uenyekiti ulikaa bila mwenyewe mpaka ukaanza kunuka.

Haikuwa ajabu. Mwenyekiti wa Rosemead ni mtu wa kutukanwa maji yakikatika na kusahauliwa yakirudi. Papy mwenyewe hakuwahi kuchaguliwa. Alikuwa tu wa kwanza kuwa na namba ya ajenti wa jengo kwenye simu yake, na kutoka hapo watu wakaanza kumwita Président, kwanza kwa mzaha, baadaye kwa mazoea.

Jumapili moja baada ya ibada, wapangaji walikusanyika kwenye maegesho ya magari wamtafute mwingine. Wakongo walikuwa wengi, Warundi wachache, familia mbili za Kizulu, na Waislamu wa ghorofa ya chini, watu waliozaliwa hapahapa Durban lakini hadi leo wanaitwa Wazanzibari kwa ajili ya mababu walioletwa na meli zamani za Waingereza. Mzee Abdool alikuwa mmoja wao. Mtu akataja jina lake, na palepale kila mmoja akaona kwamba ndiye: ndevu nyeupe, Kiingereza cha redioni, na hana kazi ya kuwahi asubuhi. Wakapiga makofi, furaha ya watu walioona mzigo umepata kichwa kisicho chao.

Marie-Louise alikuwa amesimama nyuma, vidole vinamuuma. Alikuwa msusi katika saluni moja ya Overport, na Jumamosi nzima alikuwa amesuka bibi harusi na ukoo wake. Hakuja kusema kitu. Lakini mdomo wake ulikuwa na desturi ya kumtangulia.

"Mimi namuheshimu Papa Abdool," alisema. "Lakini tangi iko juu ya paa, na Papa akipanda ngazi anapumzika kila ghorofa. Maji ikikatika, nani atapanda?"

Watu wakaguna. Jirani yake akamvuta kitenge. Mzee Abdool, aliyekuwa ameegemea bakora yake karibu na pipa la takataka, akageuka taratibu akamtazama kama mtu aliyeona sokoni kitu chake kilichopotea miaka mingi.

"Mama huyu ananipinga," alisema, na sauti yake ilikuwa na shukrani.

"Hapana, Papa. Siko napinga. Naongea tu habari ya ngazi."

"Basi ndiyo hoja, na hoja haijajibiwa." Akawageukia wengine. "Jamani, nashukuru kwa heshima. Lakini mimi sipiti bila kupingwa. Tafuteni mpinzani, tupige kura. Vinginevyo tafuteni mtu mwingine."

Mtu wa kumtafuta mpinzani hakupatikana, maana kila aliyetakiwa kumtafuta aliogopa asije akaonekana yeye kwanza, akafanywa ndiye mpinzani. Kwa hiyo kesho yake jioni Mzee Abdool akaifanya kazi hiyo mwenyewe. Marie-Louise alisikia bakora ikipanda ngazi, ikipumzika, ikipanda tena, mpaka ikagonga mlango wake wa ghorofa ya tatu. Binti yake Lyse alifungua. Alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka dukani Pinetown alikofanya kazi, bado amevaa fulana yenye jina la duka. Mzee akakaribishwa kiti, akapewa chai, akahema mpaka chai ikapoa.

"Mama Lyse," alisema hatimaye, "nataka ugombee dhidi yangu."

Marie-Louise akacheka. Kisha akaona kwamba mzee hacheki.

"Papa, mimi siko mtu wa siasa. Mimi hata hizi kura za hapa sina." Akaonyesha dirishani. Ulikuwa mwaka wa 2024, uchaguzi mkuu wa Afrika Kusini unakaribia, na kila nguzo ya taa barabarani ilining'inizwa nyuso za wagombea, moja juu ya nyingine, zote zinatabasamu. "Mimi iko na karatasi ya mkimbizi. Nyuso zile hazinitafute, na mimi sizitafute."

"Na kwenu? Hujawahi kupiga kura?"

Alitaka kusema hapana. Lakini mzee alikuwa amepanda ngazi zote zile.

"Mara moja," alisema. "Beni, mwisho wa 2018. Walisema kwetu iko Ebola, iko waasi, basi uchaguzi wa raisi kwetu utangoja mpaka mwezi wa tatu. Raisi mwenyewe ataapishwa mwezi wa kwanza. Vijana wakakasirika, wakafanya uchaguzi wao wenyewe. Walichukua katoni, wakakata tundu. Tulipanga mstari, tukapiga. Hakuna mtu alihesabu ile kura huko Kinshasa. Ilikuwa kura ya hasira tu."

Mzee Abdool aliweka kikombe chini kwa uangalifu.

"Wewe una uzoefu kunipita mimi," alisema. Na hapo ndipo alipomsimulia habari za Aldermere.

Alizaliwa Kings Rest, kule Bluff, upande wa pili wa bandari. Akiwa bado kijana, serikali ya wakati ule ilichora ramani, ikasema Kings Rest si pahala pa watu wa rangi yao, na ukoo mzima ukapakiwa kwenye lori kupelekwa Chatsworth. Yeye hakuketi sana huko. Alipanda meli akaenda Uingereza, akawa kondakta wa basi, kisha mwalimu wa hesabu, katika mji wa viwanda vya pamba ulioitwa Aldermere. Mji ule ulikuwa na jimbo lake la uchaguzi, lenye jina hilohilo, na Abdool, aliyetoka nchi isiyomruhusu hata kuigusa karatasi ya kura, aliipenda historia ya jimbo lile kama wengine wanavyopenda mpira.

Mbunge wake wa kwanza alikuwa mwenye kiwanda. Siku zile kura ilipigwa hadharani, mbele ya msimamizi wa zamu, na bia ilikuwa ya bure, kwa hiyo mwenye kiwanda alishangaa kila mara kuona anavyopendwa. Alifuatiwa na mwanawe, kisha mkwewe. Halafu wafanyakazi nao wakapewa kura, na chama chao kikalichukua jimbo, kikalishika muda mrefu hata ungeweza kusimamisha kiti kitupu kikashinda, mradi kimefungwa utepe wa rangi ya chama. Palikuwa na mbunge mmoja aliyedumu hivyo mpaka siku alipofariki watu wakauliza: kwani alikuwa hai?

"Na Papa ulikuwa chama gani?"

"Cha tatu," alisema Mzee Abdool. "Vile viwili vya kwanza vilikuwa na wagombea tayari."

Alisimama mara ya kwanza mwaka 1974, akashindwa vibaya hata akapoteza fedha za dhamana ya ugombea. Mwaka huohuo uchaguzi ukarudiwa, akasimama tena, akashindwa tena. Akashindwa 1979. Akashindwa 1983 na 1987. Lakini kila alipoanguka, kura zake ziliongezeka kidogo, maana watu wa Aldermere walimzoea kama walivyozoea mvua. Mwaka 1992 kura zikahesabiwa, zikahesabiwa upya, zikahesabiwa mara ya tatu huku kunakucha, naye akashindwa kwa idadi ambayo hajapata kumtajia mtu, hata marehemu mkewe. Kila mtu alisema safari ijayo ni yako.

"Na safari iliyokuja?"

"Haikuja. Tume ya mipaka iliketi na ramani yake. Ikalikata Aldermere vipande vitatu. Soko likaenda jimbo hili, msikiti jimbo lile, kituo cha treni jimbo jingine kabisa. Jina likafutwa. Aliyenishinda wakampa kiti katika Bunge la Mabwana. Mimi nilipewa saa ya ukutani, nikarudi nayo Durban. Ilikuwa mara ya pili mtu mwenye kalamu na ramani kunihamisha nikiwa nimekaa."

Marie-Louise akamwongezea chai.

"Sasa watu hawa wazuri," mzee akaendelea, "wanataka kunipa uenyekiti kwa makofi. Nimeshindwa na watu mara sita, mama. Siwezi leo kushinda kwa sababu watu hawapo."

"Na mimi nikishinda je?"

Mzee Abdool alimtazama kwa huruma, kama ambavyo pengine yeye mwenyewe alitazamwa mwaka 1974.

"Hutashinda," alisema. "Kwa hilo usiwe na hofu. Na namna ya kushindwa nitakufundisha mimi."

Kwa sharti hilo akakubali.

Kampeni ya Mzee Abdool ilikuwa ya kupigiwa mfano. Alivaa suti ya kijivu, akamwomba Khadeejah, mpwa wake aliyeishi naye, amchapishie vipeperushi, akagonga kila mlango wa Rosemead kwa zamu. Kila mlango alieleza kwa nini jengo linahitaji katiba yenye sura saba. Watu walimkaribisha, wakamsikiliza, wakamshukuru, na alipotoka wakaulizana sura ya nne ilihusu nini.

Kampeni ya Marie-Louise ilikuwa kuwaambia watu wamchague Mzee Abdool. Aliwaambia kwenye ngazi, aliwaambia kwenye kamba za nguo, alimwambia kila aliyemuuliza. "Mpigieni mzee. Mimi nimesimama tu kwa kumsaidia." Hapo ndipo mambo yalipoanza kumharibikia. Watu wa Rosemead walikuwa wametoka katika nchi nyingi na walishaona wagombea wa kila namna, walioahidi barabara, waliogawa fulana, waliokuja na askari. Mgombea anayeomba achaguliwe mwenzake hawakupata kumwona. Wengine walisema huo ndio unyenyekevu. Mama Gracieuse wa ghorofa ya pili, ambaye hakuamini kitu kirahisi, alisema hapana, hiyo ni akili ya hali ya juu, tena mwanamke mwenye akili hiyo ndiye anayeweza kupambana na ajenti.

Kisha pampu ikaharibika.

Maji hayakupanda ghorofa ya pili wala ya tatu kwa siku kadhaa. Marie-Louise hakuwa na habari ya kura wala kamati. Alikuwa na nguo za kufua, na Lyse alikuwa akienda kazini Pinetown amenawa kwa chupa. Asubuhi ajenti alipofika na gari lake kuchukua kodi, alikuta geti limefungwa, na Marie-Louise ameketi kwenye ndoo mbele yake. Alimsalimia kwa Kizulu alichonacho, akamlaumu kwa Kiingereza alichonacho, na vilipokwisha vyote viwili akaendelea kwa Kiswahili, ambacho ajenti hakukielewa lakini kilimwingia. Fundi alikuja mchana uleule.

"Sikufanya kampeni," aliwaambia watu waliomshangilia kwenye ngazi. "Nilitaka kufua. Tena lile wazo la kufunga geti ni la Papa Abdool."

"Eish, Mama Lyse," alisema Mama Gracieuse kwa mahaba. "Hata sifa unampa mpinzani."

Jioni hiyo alishuka kwa Mzee Abdool, moyo una wasiwasi. Mzee hakuonyesha kama amesikia lolote. Alikuwa amejiandaa kumfundisha hotuba ya kushindwa.

"Unaanza na msimamizi wa uchaguzi, unamshukuru. Halafu walinzi."

"Sisi hatuna walinzi."

"Basi aliyeleta viti. Kisha unamgeukia mshindi, unampa mkono, unasema alipambana kiungwana. Unasema wananchi wamenena nawe umewasikia. Unasema sasa unakwenda nyumbani kupumzika, ila ukiitwa utaitika. Hulii. Tabasamu linakaa usoni mpaka ufunge mlango wa gari." Akafikiri. "Kwako, mlango wa fleti."

Alimkaririsha mpaka neno la mwisho. Alikuwa mwalimu mzuri, na ile hotuba ilikuwa nzuri pia, imelainika kwa kutumiwa. Marie-Louise aliisema yote bila kukwama, Khadeejah akapiga makofi kutoka jikoni.

"Na ya kushinda, Papa? Ile utasema wewe?"

Mzee Abdool aliangalia dirishani, kisha bakora yake. "Hiyo," alisema, "itakuja yenyewe."

Walipiga kura Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani na kabla ya sala ya alasiri. Khadeejah alikuwa msimamizi. Sanduku la kura lilikuwa katoni ya mafuta ya kupikia iliyokatwa tundu juu. Marie-Louise aliposogea na karatasi yake aliiona ile katoni, akasimama. Alinusa tena vumbi la Beni na ile klorini ya kunawia mikono kila kona, akaona mstari wa watu waliojua kwamba hakuna atakayewahesabu lakini wakasimama. Akajiuliza kama ni haki kuitumia katoni kwa mchezo. Kisha akakumbuka ahadi, akaandika jina la Abdool, akatumbukiza.

Khadeejah alihesabu mbele ya watu wote, akikunjua karatasi moja moja na kusoma kwa sauti. Abdool. Marie-Louise. Mama Lyse. Abdool. Mama Lyse. Mwingine aliandika "mama wa ndoo", pakawa na ubishi mfupi kama hiyo ni kura halali, mpaka Mzee Abdool mwenyewe akasimama kusema kwamba nia ya mpiga kura iko wazi, ihesabiwe. Ilihesabiwa. Mwisho Khadeejah akazipanga tena, akazihesabu upya, akamtazama mjomba wake kama anayeomba radhi.

Marie-Louise alikuwa ameshinda kwa kura moja.

Watu wakampigia vigelegele, wakamsukuma mbele, wakamtaka aseme. Yeye alikuwa na hotuba moja tu duniani. Akamshukuru msimamizi wa uchaguzi. Akamshukuru aliyeleta viti. Akamgeukia Mzee Abdool, akampa mkono, akasema alipambana kiungwana. Akasema wananchi wamenena naye amewasikia, na sasa anakwenda nyumbani kupumzika, ila akiitwa ataitika. Kisha akatabasamu, akaanza kuondoka.

"Amejiuzulu?" akauliza mtu. Mama Gracieuse akamkamata mkono na kumrudisha, akiwaeleza watu kwamba hiyo ilikuwa lugha ya heshima tu.

Mzee Abdool alipoitwa naye aseme neno aliinuka. Ilikuwa mara yake ya saba, na hotuba yake imeshasemwa. "Mama amemaliza yote," alisema, akaketi.

Usiku ule Marie-Louise alimkalia Lyse kooni. Alikuwa na hakika.

"Kura moja. Ni wewe."

"Mimi nilimpigia mzee," Lyse akajibu, bado anatazama simu yake. "Uliniagiza."

Kwa siku nyingi hakuthubutu kushuka chini. Alipitia ngazi za nyuma. Alimwona mzee kwa mbali, ameketi uani juani, akamwonea huruma na kujichukia. Ila Jumamosi moja mlango uligongwa, na alipofungua alimkuta Mzee Abdool ndani ya suti ya kijivu, anahema.

"Nimekuja na maswali kwa Mwenyekiti," alisema. "Kwanza, taa ya geti. Pili, pampu: fundi ametoa dhamana ya muda gani? Tatu, kwa nini mkutano haujaitishwa?"

Marie-Louise alimwingiza. Hakuwa na jibu hata la swali moja. Mzee alimwambia kwamba hilo halikubaliki, na kwamba angerudi Jumamosi ijayo. Alirudi kweli. Alirudi kila Jumamosi, na Marie-Louise, ambaye mwanzoni alijificha jikoni akisikia bakora, akajikuta siku ya Ijumaa anampigia ajenti kwa sababu tu kesho ataulizwa. Taa ya geti iliwaka. Ngazi zikapata kishikio. Mzee alikuwa na rangi nzuri usoni siku hizo, na ghorofa ya tatu alikuwa akiifika kwa kupumzika mara moja tu.

Siku moja, baada ya kubishana juu ya mapipa ya takataka mpaka chai ikaisha, Marie-Louise akaamua kuuliza.

"Papa, ile kura. Mimi nilikupigia wewe. Lyse alikupigia wewe. Nimefikiri sana ile moja ilitoka wapi."

Mzee Abdool alijishughulisha na kitambaa cha miwani.

"Unajua Aldermere nilikaa wapi?" alisema. "Barabara ya mfereji, namba witiri. Mpaka wa jimbo ulipita katikati ya barabara. Namba shufwa ndio walikuwa Aldermere, sisi tulikuwa jimbo la jirani. Sheria iliniruhusu kugombea, lakini kura yangu ilikuwa ng'ambo. Mara sita niligombea, na sikupata hata mara moja kuiona karatasi ya kura ya uchaguzi wangu mwenyewe ikiningoja niamue."

"Na hapa uliiona."

"Hapa niliiona. Khadeejah alinipa ile karatasi na kalamu, nikaenda pembeni. Nikaanza kufikiri kama mpiga kura. Nikajiuliza: maji yakikatika, nani atapanda?" Alivaa miwani. "Mgombea alikuwa mwenye suti nzuri, mama. Lakini sikuona namna ya kumchagua."

Chini, lori la takataka lilikuwa linarudi nyuma, likipiga mlio wake.

"Ungejipigia, ungeshinda," alisema Marie-Louise.

"Najua. Hesabu ndiyo niliyofundisha." Aliinuka kwa bakora, akaenda hadi dirishani, akatazama lile lori. "Na lile pipa la kijani wameliacha tena, Mwenyekiti. Mimi nalisema tu mapema, ili usije ukasema hukuambiwa."

Marie-Louise alishachukua kitenge chake, yuko mlangoni, anateremka ngazi mbili mbili kuwawahi kabla hawajafika kona.